Panga, mkasi au msumeno: zana za kupogolea na kusafisha bustani zikilinganishwa

Nyumba nyingi huwa na panga moja. Hilohilo hupunguza mwembe, hunyoosha ua wa michongoma, huchimbua kisiki na kufungua nazi. Ni zana ya kuheshimiwa, lakini mbele ya mti ulio hai iwe ya mwisho kushikwa. Panga hukata kwa pigo. Tawi likipigwa huyumba, na pigo la pili halitui pale lilipotua la kwanza. Ukimaliza, mkato una ngazi tatu, gamba limechubuka kuelekea chini na mara nyingi ufa umeingia hadi kwenye shina. Mti hauponi kama ngozi. Huotesha gamba jipya kutoka kingoni mwa kidonda mpaka kifunikwe chote, na kingo zilizochanika huchelewesha kazi hiyo kwa misimu. Katika muda huo maji hukaa ufani, ukungu huingia, na mchwa hufuata sehemu iliyokufa.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na chapa wala bei. Unaanza na tawi.

Pima tawi kwanza

Mambo mawili huamua zana: unene wa tawi, na kama ni bichi au limekauka. Vipimo vya mwili na vya nyumbani vinatosha, huhitaji rula. Aina za mikasi na misumeno zilizotajwa jedwalini zinaelezwa moja moja hapa chini.

| Tawi | Likiwa bichi | Likiwa kavu |
|---|---|---|
| Kalamu ya risasi | mkasi wa kupishana. Mkasi wa ua kama ni mengi | mkono mtupu au mkasi wowote |
| Kidole gumba (sm 2) | mkasi wa kupishana | mkasi wa kubamiza |
| Mpini wa jembe (sm 4) | msumeno wa kuvuta, au mkasi wa mipini mirefu | msumeno |
| Kifundo cha mkono hadi paja (sm 6 hadi 15) | msumeno wa kuvuta, kwa mikato mitatu | msumeno wa upinde |
| Lililokwisha kuanguka chini | panga | panga au shoka |

Makosa mengi hutokea kati ya mstari wa pili na wa tatu. Mtu ana mkasi mkononi, tawi limezidi kidole gumba kidogo tu, naye anaona uvivu kushuka ngazini kufuata msumeno. Anaukamata mkasi kwa mikono miwili na kuuzungusha huku anabana. Hapo makali mawili huachana, uzi wa mti huingia katikati, bolti hupinda, na kuanzia siku hiyo mkasi hautakata hata karatasi. Ukilazimika kutumia mikono miwili kwenye mkasi wa mkono mmoja, tawi hilo ni la msumeno.

Mkasi wa mkono: wa kupishana au wa kubamiza

Madukani mikasi hii hutundikwa pamoja na hufanana kwa mbali, ila inafanya kazi tofauti kabisa.

Wa kupishana una kisu chenye makali upande mmoja, na upande wa pili una ndoana butu iliyopinda. Kisu hupita ubavuni mwa ndoana, kama mkasi wa nguo. Ndoana hushika tawi lisiteleze na kisu hulipitia. Mkato wake ni laini na gamba halikandamizwi sana, ndiyo maana ndio mkasi wa tawi bichi: waridi, mchungwa, mpera, mkahawa, mzabibu.

Wa kubamiza una kisu kimoja kilichonyooka kinachoshuka juu ya bamba pana, mfano wa kisu kwenye kibao cha kukatia mboga. Una nguvu kuliko wa kupishana kwa tawi la unene uleule, na hauwezi kuachana makali kwa sababu hayapishani. Lakini kila mkato unasaga upande wa chini wa tawi. Tawi kavu halijali kusagwa, tawi bichi linajali. Kasoro yake nyingine huonekana baada ya muda: bamba likichimbika katikati, kisu hakilifikii tena, na unaachiwa uzi wa gamba unaoning'inia ambao utauvuta kwa mkono na kuchuna nusu ya shina.

Ipo aina ya tatu yenye meno ya kubania hatua kwa hatua: unabana, unaachia kidogo, unabana tena, na kila mara kisu kinashuka zaidi. Mingi ni ya kubamiza. Kwa mzee, au mtu mwenye baridi yabisi vidoleni, mkasi huo una thamani kubwa. Kwa kijana anayepogoa miche mia mbili ni mateso, maana tawi moja linabanwa mara tatu.

Ukiwa na fedha ya mkasi mmoja tu, chukua wa kupishana. Tawi kavu la kidole gumba unaweza kulikata kwa msumeno au kulivunja, ilhali tawi bichi lililosagwa halirudi.

Namna ya kuushika hubadili matokeo kuliko watu wanavyodhani. Kisu kikae upande wa sehemu inayobaki mtini, ndoana ikae upande wa kile kinachotupwa, kwa kuwa ndoana ndiyo inayoacha alama ya kubana. Maana yake kuna wakati utaugeuza mkasi juu chini, na hilo ni sawa. Kata kama nusu sentimita juu ya chipukizi, kwa mshazari mdogo unaomwaga maji upande wa pili wa chipukizi hilo. Ukiacha kijiti kirefu juu ya chipukizi kitakauka na kuoza kuelekea chini, na ukikata karibu mno chipukizi lenyewe hukauka.

Kuhusu ubora, tofauti kubwa iko katika kama mkasi unafunguka. Felco ya Uswisi, inayotengeneza mikasi tangu 1945, imejijengea jina kwa sababu karibu kila sehemu ya mkasi wake huuzwa peke yake: kisu, springi, bolti, hata vifuniko vyekundu vya mpini. Mfano wao wa Felco 2 una urefu wa kama sm 21 na hukata hadi sm 2.5. Wekundu huo umeigwa sana, kwa hiyo rangi si ushahidi. Angalia katikati: mkasi uliounganishwa kwa ribiti iliyopondwa hauwezi kufunguliwa, kukazwa wala kunolewa vizuri; ukilegea ndiyo mwisho wake. Wenye bolti na nati hukazwa kila mwezi na kuishi miaka. Mkasi wa bei ya chini wenye bolti ni bora kuliko wa bei ya kati wenye ribiti.

Mipini mirefu dhidi ya msumeno

Mkasi wa mipini mirefu, ule wa sm 60 hadi 80 unaoshikwa kwa mikono miwili, hupendeza sana dukani. Hukata tawi la sm 4 kwa mkupuo mmoja, na hufika katikati ya kichaka cha bogenvilia bila mkono wako kuingia miibani. Kwa kazi hiyo ya miiba hauna mpinzani. Lakini ni mkubwa na mzito, haubebeki juu ya ngazi kwa mkono mmoja, na hauingii kwenye pembe nyembamba kati ya matawi mawili. Halafu tawi la sm 5 likitokea, kazi yake imekwisha.

Msumeno wa kupogolea wa bei ileile, au chini yake, hukata tawi la sm 2 na la sm 15 kwa zana moja, hushikwa kwa mkono mmoja na huingia kwenye pembe. Kwa bustani ya kawaida yenye mwembe, mparachichi na michungwa michache, msumeno ununuliwe kabla ya mipini mirefu. Anayeishi na bogenvilia na michongoma tu ndiye mwenye sababu ya kugeuza mpangilio huo.

Msumeno gani?

Msumeno wa seremala haufai, na ndio unaopatikana kila nyumba. Meno yake hukata ukisukuma, na yamepanuliwa kidogo tu kwa ajili ya mbao kavu. Kwenye mti mbichi unga wake ni uzi mlaini wenye maji. Hujaa kati ya meno, msumeno unanasa, unausukuma kwa nguvu zaidi na bapa linapinda. Msumeno wa kukatia chuma ndio kabisa: meno yake madogo huziba mara moja.

Msumeno wa kupogolea hukata ukivuta. Kwa kuwa bapa huvutwa halihitaji kuwa nene ili lisipinde, na ukiwa juu ya ngazi kuvuta ni salama kuliko kusukuma, kwani unajivuta kuelekea mtini. Chagua bapa lililopinda kidogo kwa matawi yaliyo juu ya kichwa, maana mkunjo huo hulifanya lijichimbie lenyewe. Lililonyooka ni rahisi kuongoza kwa kazi iliyo usawa wa kifua. Urefu wa sm 30 hadi 33 unatosha mahitaji mengi. Kanuni ya haraka ni kwamba bapa liwe angalau mara mbili ya unene wa tawi, la sivyo unga hautoki kwenye mkato.

Wa kukunja au wa ala? Wa kukunja huingia mfukoni na ni mzuri kwa matawi hadi sm 8 hivi. Udhaifu wake ni kifungio: kikilegea, bapa hujikunja kuelekea vidoleni. Kabla ya kununua, ufungue, bana mpini, jaribu kulikunja bapa kwa nguvu bila kubonyeza kifungio. Likitikisika, urudishe. Wa ala huvaliwa kiunoni, hauna cha kulegea, na anayepogoa kutwa nzima atauona ni mwepesi kuliko huo mwingine.

Meno yenye ncha za rangi ya bluu au nyeusi yamefanywa magumu kwa joto la umeme. Hukaa makali muda mrefu, lakini tupa haiyapati. Yakiisha unabadili bapa zima. Kwa hiyo uliza bapa la akiba kabla ya kulipa. Kama duka halina na mji wako hauna duka jingine, nunua wenye meno ya kawaida yanayonoleka kwa tupa ndogo ya pembe tatu.

Msumeno wa upinde, wa fremu ya bomba, ni wa kutumia ukiwa umesimama chini, si juu ya mti. Hukata gogo kwa haraka sana, ila fremu yake hugonga matawi ya jirani ukiwa ndani ya mti. Bapa lake lipo la aina mbili, na dukani huchanganywa: la mti mbichi lina meno ya makundi kisha jino moja lenye umbo la mkia wa samaki linalokomba unga nje, na la kuni kavu lina meno ya pembe tatu yanayofuatana bila kuachana. Ukiweka la kuni kavu kwenye mwembe mbichi utalaumu msumeno bure.

Msumeno mzuri hauokoi tawi zito likikatwa vibaya. Ukikata kutoka juu moja kwa moja, tawi huanguka kabla hujamaliza na kuchuna gamba la shina hadi chini. Mikato ni mitatu. Wa kwanza, sm 30 kutoka kwenye shina, kata kutoka chini kwenda juu hadi theluthi ya unene. Wa pili, sogea sm 5 mbele zaidi kuelekea nchani, kata kutoka juu; tawi litavunjika na kukomea kwenye mkato wa chini. Wa tatu, ondoa kibutu kilichobaki, nje kidogo tu ya ule uvimbe wenye mikunjo mahali tawi linapotokea kwenye shina. Uvimbe huo ndio unaotoa gamba la kufunika. Ukiufyeka ili pawe laini kama ukuta, umeondoa dawa pamoja na ugonjwa.

Kahawa: mfano unaoonyesha tofauti

Mkahawa uliozeeka hufufuliwa kwa kukatwa shina kama sm 30 kutoka ardhini, kisha maotea mawili au matatu yenye nguvu huachwa yawe mashina mapya. Kwa panga kazi hii huchukua mapigo machache tu, na hapo ndipo inapoharibika: kisiki hupasuka wima, maji hukaa katikati, na maotea yanayotokea karibu na ufa hushikilia gamba lililolegea. Yakikua na kubeba matunda huchanika yote. Kwa msumeno kazi ni ndefu kidogo, mkato ni mshazari mmoja safi unaomwaga maji, na maotea hushika vizuri. Mkasi wa kupishana hurudi baadaye, kuondoa maotea ya ziada na matawi yaliyokwisha kuzaa. Maotea yakiwa bado mabichi na urefu wa kidole hayahitaji zana yoyote: yavunje kwa mkono kuelekea pembeni, na yatatoka pamoja na kikonyo.

Ua wa michongoma

Mkasi wa ua una mabapa mawili marefu ya sm 20 hadi 25 na ni wa vitawi vya mwaka huu, vile vya unene wa kalamu. Mafundi wengi wa mjini hunyoosha ua kwa panga lililonolewa sana, na anayelijua hufanya kazi ya kupendeza kwa robo ya muda. Tofauti huonekana baada ya wiki: panga huchana majani na ncha zake hugeuka kahawia, ilhali mkasi huacha ua wa kijani. Kwa ua wa nyuma ya nyumba, panga la fundi linatosha. Kwa ua wa mbele, hasa wa majani mapana, mkasi una sababu.

Zana yoyote utakayotumia, chini pawe papana kuliko juu. Ua uliopanuka juu hujinyima mwanga chini, majani ya chini hupukutika, na kuku wa jirani wanapata mlango.

Chagua mkasi wenye mpira wa kuzuia mshtuko kati ya mipini. Usipokuwepo, kila mkupuo unagonga viwiko, na baada ya mita 20 utajua. Kwa miiba, glavu za kitambaa ni mapambo. Chukua za ngozi wanazovaa mafundi wa kuchomelea, zinafika katikati ya mkono. Ua wa minyaa ni habari nyingine. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaweza kupofusha, kwa hiyo vaa miwani ya kinga na mikono mirefu, fanya kazi upepo ukiwa mgongoni. Utomvu ukiingia jichoni osha kwa maji mengi bila kukoma huku ukitafuta hospitali.

Panga na fyekeo mahali pake

Sasa panga lipewe haki yake. Tawi likishalala chini hakuna zana inayolishinda kwa kulivua vitawi: simama upande mmoja wa tawi, vitawi viwe upande wa pili, kata kutoka shinani kuelekea nchani, usikate kinyume. Hukatakata vijiti vya kwenda kwenye mboji, huchonga vigingi, hufyeka vichaka vichanga. Bapa la sm 40 hadi 45 linatosha nyumbani; refu zaidi ni la shamba la wazi. Angalia kama chuma kinapita ndani ya mpini hadi mwisho na ribiti si chini ya tatu. Mpini wa plastiki huteleza mkono ukilowa jasho. Kuuvika kipande cha tyubu ya baiskeli ni tiba ya bei ndogo. Panga la mhunzi lililofuliwa kutoka springi ya gari huwa zito na hushika makali, ila pima uzito wake kwa kulinyanyua mara ishirini, si mara moja.

Fyekeo ni la nyasi. Bapa lake jembamba lililopinda mwishoni hukata kwa mwendo wa kubembea pande zote mbili ukiwa umesimama, kwa hiyo mgongo unapumzika. Panga hukulazimisha kuinama. Mundu, kwa upande wake, huchukua muda mara kadhaa zaidi lakini nyasi hubaki shada moja mkononi, jambo ambalo mfugaji wa ng'ombe wa ndani atalitaka kuliko kasi.

Onyo la fyekeo na panga ni shina. Nyasi zilizo karibu na mti hukatwa kwa mundu au kung'olewa kwa mkono ndani ya duara la nusu mita. Pigo moja kwenye gamba la mti mchanga ni mlango, na mnyauko fuzari, ugonjwa wa ukungu ulioteketeza mikahawa ya robusta nchini Uganda na mkoani Kagera, huingia kupitia vidonda vya namna hiyohiyo.

Kukusanya na kuondoa

Reki ya chuma yenye meno mafupi magumu, 12 au 14, ni ya udongo, mawe na vijiti. Ukiitumia kwa majani kwenye nyasi itang'oa nyasi. Majani yanataka reki ya meno mengi membamba yanayojipinda, iliyotawanyika kama kiganja. Yenye meno ya plastiki hukatika yakikaa juani mwaka mmoja. Ya waya hupinda lakini hurudishwa kwa koleo. Kwenye ua wa udongo uliosilibwa, zote mbili zinashindwa na fagio la chelewa, ambalo pia ndilo pekee linalokusanya maua makavu ya mwembe bila kuchimba.

Kubeba: turubai la mita 2 kwa 2 lenye kamba pembeni huburuta mzigo mkubwa wa matawi mepesi kuliko toroli, kwa sababu matawi ni mapana na toroli hujaa upepo. Toroli ni la udongo, mboji na magogo. Kama kuna miiba, nunua la gurudumu la mpira mtupu usio na upepo. Linasukumika kwa uzito zaidi, lakini mwiba wa bogenvilia hautakusimamisha katikati ya kazi.

Matawi ya waridi-oleanda, kile kichaka cha maua cha bustanini, yasichomwe wala yasigeuzwe kuni, moshi wake ni sumu. Majani ya mwembe huoza polepole. Yakatekate na kuyachanganya na nyasi mbichi au samadi, na vijiti visizidi kiganja kwa urefu, la sivyo utavikuta vizima ukigeuza mboji.

Kunoa, kusafisha, na ugonjwa unaosafiri na zana

Zana ya bei ya chini yenye makali hushinda ya bei ya juu iliyo butu, kwa hiyo tupa ihesabiwe kwenye bajeti. Tupa bapa ya sm 20 inatosha panga na fyekeo. Hukata ikisukumwa, ikirudi inue, usiiburute, maana kuiburuta ndiko kunakoiua. Ili usipoteze pembe ya awali, paka wino wa marka kwenye mteremko wa makali, piga tupa mara mbili, kisha angalia wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu, mbali na kingo, inua kidogo. Ukitoka kingoni tu, lalia chini zaidi.

Mkasi wa kupishana hunolewa upande mmoja pekee, ule wenye mteremko. Upande bapa unapitishwa kwenye kinoo ukiwa umelala kabisa, mara mbili au tatu, kuondoa vinyweleo vya chuma tu. Anayenoa pande zote mbili hutengeneza mwanya kati ya kisu na ndoana, na mkasi huanza kutafuna. Ukishanoa, toa springi, inua mpini mmoja na uachie: ushuke polepole. Ukianguka ghafla, kaza bolti. Ukigoma kabisa, legeza.

Utomvu wa mwembe hutoka kwa spiriti au mafuta ya taa. Wa fenesi hauyajali maji wala sabuni. Pangusa kwanza kwa mafuta ya kula. Pwani, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi hula chuma usiku mmoja, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta ya mashine kipite kwenye kila bapa kabla ya kutundika. Chuma kisichoshika kutu kinavutia huko, ila kingi cha bei nafuu ni laini na hupoteza makali upesi. Chuma cha kawaida kilichopakwa mafuta bado ni chaguo zuri.

Mgomba ndio unaoadhibu uzembe wa kusafisha. Mnyauko wa bakteria, ulioripotiwa Kagera mwaka 2006, huhamia shina hadi shina kwa panga lilelile la kupunguzia majani. Baada ya kila shina, chovya panga kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya Jiki kwa sehemu 5 za maji, au lichome motoni hadi lisishikike kwa mkono. Jiki hula chuma, kwa hiyo jioni lioshe kwa maji safi, likaushe na ulipake mafuta. Kwa mkasi wa mtini, spiriti ya asilimia 70 kwenye kitambaa ni rafiki zaidi wa bolti na springi.

Kwa fedha kidogo, nunua kwa mpangilio

Ukiwa na panga tayari, cha kwanza ni tupa, kwa sababu huenda panga lako halijawahi kuwa panga. Cha pili ni msumeno wa kuvuta wa sm 30. Cha tatu ni mkasi wa kupishana wenye bolti. Vitatu hivi vinapogoa karibu kila mti wa nyumbani. Reki ya majani, mkasi wa ua na mipini mirefu huja kulingana na ulichopanda. Zana za kwenye mti mrefu, zile za mkasi wa kamba au msumeno wa fito, ziwe za mwisho. Mkato wake huonekana kwa shida kutoka chini, na tawi lililo karibu na waya za umeme si la kwako kulikata kwa zana yoyote, ni la shirika la umeme.

Ukiwa dukani na mkasi mkononi, ufunge na uuelekeze kwenye mwanga: mwanga usipenye kati ya kisu na ndoana. Kata karatasi moja ya gazeti kwa ncha, si kwa katikati. Tikisa makali kushoto na kulia, yasicheze. Funga na ufungue kifungio kwa kidole gumba cha mkono uleule, maana ukiwa ngazini mkono wa pili utakuwa umeshika tawi. Na mipini ya kijani iache hapohapo, au izungushie utepe mwekundu kabla ya kutoka nje: mkasi wa kijani ukiangukia rundo la majani, utaukuta kwenye mboji miezi minne baadaye, springi imekwisha kuliwa na kutu.